Kipimo kilichosubiri basi: kuanza kaizen katika maabara ya meno

Kipimo cha meno kimechukuliwa Tukuyu saa tatu asubuhi. Daktari amekizungushia kitambaa, akakitia kwenye boksi tupu la glavu na kuliweka pembeni, maana siku hiyo kuna wagonjwa wengine wawili wa meno bandia na gharama ya kifurushi ni ileile kikiwa kimoja au vikiwa vitatu. Saa tisa alasiri boksi linapelekwa stendi, linakabidhiwa kondakta wa Coaster, na linaingia Mbeya mjini maabara ikiwa imeshafungwa. Kesho yake kijana anatumwa kulifuata. Plasta inamiminwa saa nne.

Saa 25 zimepita na hakuna aliyezembea. Daktari kabana matumizi, kondakta kafikisha mzigo, kijana kaenda alikotumwa, fundi kamimina plasta mara tu alipokipata kipimo. Ila kipimo chenyewe kimeshaharibika. Alijineti, ule unga unaokorogwa na maji na kujazwa kwenye trei ya kupimia, ikishaganda sehemu yake kubwa ni maji. Ikiachwa hewani maji yanatoka na inasinyaa. Ikifungwa kwenye kitambaa kilicholowa chepechepe inayanyonya na kuvimba. Kwa macho huoni kitu. Kanuni tuliyofundishwa ni kumimina plasta ndani ya robo saa, au nusu saa ikiwa kipimo kimetunzwa kwenye unyevu wa kiasi. Zipo aina zinazovumilia siku kadhaa, lakini ni za bei nyingine.

Wiki mbili baadaye bibi wa watu anavaa meno yake ya chini na yanacheza. Akifunga mdomo yanainuka upande mmoja, akitafuna nyama yanamchoma ufizi. Anarudi kliniki, kipimo kinachukuliwa upya, na safari ya boksi la glavu inaanza tena. Nauli yake ya kutoka kijijini hairudishwi na mtu, wala siku ambayo angeshinda kwenye chai yake akichuma.

Nimetengeneza meno bandia hapa Mbeya kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu kila meno yaliporudi niliamini tatizo ni mkono wa fundi: wangu, au wa mwenzangu wa meza ya pili. Sasa naamini kitu kingine, na ndicho kinachonifanya niandike. Meno mengi mabaya, na karibu yote yanayochelewa, hayatokani na mikono. Yanatokana na kazi kukaa. Inakaa kwenye boksi, inakaa stendi, inakaa rafuni, inakaa ikisubiri sufuria lijae. Ipo njia ya kukuona huko kukaa na kukupunguza, na maabara ndogo ya watu watatu inaweza kuianza bila kununua mashine hata moja.

Jina na asili yake

Njia hii ina majina mengi, na majina hayo yamewatisha watu bure. Kwa Kiingereza wanatumia neno "lean", la nyama isiyo na mafuta, steki tupu kama tunavyosema buchani; aliyelipachika ni Mmarekani John Krafcik, mwaka 1988, alipokuwa akilinganisha viwanda vya magari. Wajapani walioibuni, mhandisi Taiichi Ohno akiwa mstari wa mbele, waliuita tu utaratibu wa uzalishaji wa Toyota. Waliujenga katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, nchi yao ikiwa haina fedha wala akiba ya malighafi. Hawakuweza kuzalisha kwa wingi kama Wamarekani na kujaza maghala, kwa hiyo ikawalazimu kutengeneza kidogokidogo, kile kinachohitajika, kinapohitajika, bila kuharibu. Ndiyo maana naona njia hii inatufaa sisi. Imezaliwa kwenye uhaba.

Kwetu jina lililozoeleka ni kaizen, yaani kuboresha hatua kwa hatua, na mlango wake maarufu ni zile S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mtu wa Mbeya ana haki ya kuzitaja bila kigugumizi. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya majaribio ya S tano nchini, mwaka 2007, wizara ya afya ikishirikiana na shirika la JICA la Japani, baada ya kujifunza kutoka hospitali ya wanawake ya Castle Street iliyoko Colombo, Sri Lanka. Kutoka hapa ndipo hospitali nyingine zikafuata.

Lakini S tano zina mtego, na nimeuona kwa karibu. Kuna maabara niliyowahi kufanya kazi ambako kila droo ilikuwa na lebo, sakafu ilipigwa mistari ya njano, na vibao vilikuwa na kivuli cha kila koleo. Wageni walipiga picha. Na bado meno ya mgonjwa yalichukua wiki tatu kutoka, kama zamani. Kupanga vitu ni jambo jema, nami sidharau ufagio, lakini droo iliyopangwa haijui kwamba kuna kazi imelala rafuni tangu Jumanne. Ohno alihesabu aina saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu, kuhangaikia kazi kupita inavyotakiwa, kulimbikiza, kutembeatembea, na kuharibu. Zote zimo katika maabara ya meno. Usianze kuzitafuta zote saba kwa mpigo. Utachoka kabla ya Ijumaa. Katika kazi yetu mbili ndizo zinazozibeba nyingine mgongoni: kusubiri na kuharibu. Na mara nyingi, kama bibi yetu wa Tukuyu alivyogundua, ya kwanza ndiyo inayoizaa ya pili.

Fuata kazi moja

Hatua ya kwanza ni daftari na saa. Chagua kazi moja ya kawaida, isiwe ya mkubwa wala ya dharura, uifuate tangu inapoingia mlangoni hadi inapotoka. Andika kila inaposhikwa na mkono wa mtu na kila inapowekwa chini.

Mimi nilichagua meno manne ya mbele ya juu, ya akriliki, ile plastiki ya meno bandia, yenye waya mbili. Kumimina plasta dakika 10. Kuchonga modeli, yaani lile umbo la mdomo linalotoka kwenye plasta, ikishakauka, 10. Kutengeneza nta ya kuumanishia, 20. Hapo kazi ikaenda kliniki mgonjwa aume ile nta. Iliporudi, kuifunga kwenye chombo cha kuumanishia dakika 15, kupanga meno kwenye nta na kukunja waya, 45. Ikaenda tena kliniki kujaribishwa mdomoni, ikarudi. Kuizika kwenye flaski, lile kasha la chuma la kuundia meno, 30, kuyeyusha nta 15, kushindilia akriliki 30. Ikachemshwa. Kuifungua 20, kusaga na kung'arisha saa nzima. Nikajumlisha muda wa mikono: saa 4 na robo. Nikatazama tarehe ya kwanza na ya mwisho: siku 16.

Nilijumlisha mara mbili nikidhani nimekosea. Ukiondoa kuchemka kwa akriliki na kukauka kwa plasta, ambavyo havikwepeki, zilizobaki zote ni siku za kukaa. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuwahimiza mafundi waongeze kasi hakujawahi kutusaidia. Hata mkono ungekuwa na kasi mara mbili, ningeokoa saa 2 na kidogo katika siku 16, na huenda ningeziharibu palepale kwa haraka yenyewe.

Sasa geukia rafu. Hesabu kazi zote zilizoanzwa na hazijaisha, pamoja na zile zilizofichwa chini ya meza. Kisha hesabu ni kazi ngapi mnamaliza kwa siku, kwa wastani wa wiki mbili tatu. Gawanya. Tuseme rafuni kuna 48 na mnamaliza 6 kwa siku: kazi inayoingia leo itakaa siku 8 za kazi kabla ya kutoka, kwa wastani. Zikiwa rafuni 18 na mnamaliza 6 zilezile, itakaa siku 3. Hesabu hii ilithibitishwa kihisabati na Mmarekani John Little mwaka 1961, na inafanya kazi kwa foleni ya benki, ya mashine ya kusaga na ya meno bandia bila kubagua. Tazama vizuri inachosema: hakuna fundi aliyeongeza kasi. Kilichopungua ni idadi ya kazi zilizoanzwa.

Wenye maabara hili linawauma, kwa sababu rafu iliyojaa inaonekana kama riziki. Mteja akiingia akaona boksi moja moja, atadhani hatuna kazi. Naelewa. Lakini kazi iliyoko rafuni haijalipwa, mara nyingi ni malipo ya awali tu yaliyotolewa, na akriliki, plasta na meno yaliyomo ni fedha yako imelala. Kinachotakiwa ni kuweka kikomo. Sisi tulipigilia rafu yenye nafasi 20 na tukakubaliana kwamba zikijaa, hakianzwi kipya hadi kimoja kitoke. Mgonjwa hafukuzwi. Kliniki inampa tarehe ya kuchukuliwa kipimo siku ambayo nafasi ipo, badala ya kumchukulia leo kipimo kitakachokaa wiki nzima kwetu kikishika vumbi.

Sufuria lisilojaa

Mahali ambapo kusubiri kulijificha vizuri kuliko kwingine kwetu ni kwenye sufuria la kuchemshia. Lilikuwa linachukua flaski sita. Gesi ni ghali, kwa hiyo tulisubiri zifike sita ndipo tuwashe. Flaski ya kwanza ilifungwa Jumatatu, ya sita Alhamisi. Ni mwendo wa daladala inayosubiri ijae pale Mwanjelwa: anayeumia zaidi ni abiria aliyetangulia kupanda. Na ubaya hauishii hapo. Zinapotoka sita kwa pamoja Ijumaa, meza ya kung'arishia inaelemewa, fundi anasaga harakaharaka kwa sababu kliniki sita zinapiga simu, na ndipo meno yanapopasuka au kupashwa moto na brashi hadi yanapinda.

Tulinunua sufuria dogo la flaski mbili na kuweka saa maalumu ya kuchemsha, kila siku saa nane mchana, iwe kuna mbili au kuna moja. Ndiyo, gesi iliongezeka kidogo. Tulipoweka kwenye mizani marudio yaliyopungua, hatukurudi nyuma. Ukitumia jiko la umeme la maji lenye kidhibiti joto, fikiria pia saa ambazo umeme huwa unakatika mtaani kwako kabla ya kuchagua saa yako.

Hapa kuna jambo la milimani, maana vitabu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kitabu kinasema: nyuzi 74 kwa saa moja na nusu, halafu chemsha nyuzi 100 kwa saa moja. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji kwenye sufuria la wazi yanachemka karibu nyuzi 94. Hata ukichochea moto vipi, 100 huipati. Mafundi wawili wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya akriliki yenye harufu kali bila kujua kwamba saa ile ya mwisho ya kuchemsha ndiyo inayopunguza mabaki ya monoma, yale majimaji ya kukorogea unga wa akriliki, yanayowasha ufizi wa mgonjwa, na kwamba kwetu inafanyika kwenye joto dogo kuliko la kitabuni. Basi huku si mahali pa kuikatisha saa hiyo ili uwahi basi.

Mwanzoni mwa mchemsho nako kuna hatari yake. Monoma yenyewe huchemka karibu nyuzi 100, na akriliki inapoanza kukomaa hutoa joto lake yenyewe, hivyo katikati ya sehemu nene joto hupita lile la maji. Ukipandisha moto haraka unapata viputo ndani, vidogo kama mbegu za nyanya chungu, navyo havitoki kwa kung'arisha. Flaski ikishaiva iachwe ipoe mezani taratibu. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi ikiwa ya moto, sahani inayobeba meno inajikunja. Na mwezi wa Juni na Julai, baridi ya hapa inapobana, mchanganyiko wa unga na monoma unachelewa kufika kiwango cha kushindiliwa. Fundi aliyezoea kuhesabu dakika za Machi atashindilia kitu ambacho bado kinanata.

Ndiyo maana S ya nne, sanifisha, mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote. Kusanifisha ni kuandika namna bora tunayoijua sisi, hapa, kwa sufuria letu na kwa baridi yetu, na kuibadilisha tukijua zaidi. Ukurasa ulionakiliwa kutoka kitabu cha watu wa pwani hautoshi. Kwetu aliyejua mambo haya alikuwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliyetambua akriliki imefika kwa kuivuta kwa kidole na kuangalia nyuzi zinavyokatika. Vijana wawili walitaka kumwandikia utaratibu kwenye kompyuta na kumbandikia ukutani. Nashukuru hatukufanya hivyo. Nilimwendea na daftari: "Mzee, shikamoo. Nakuomba unifundishe, niandike unavyosema." Tulikaa naye siku mbili. Karatasi iliyopo ukutani leo ina maneno yake, pamoja na "subiri isinate kwenye kikombe", na yeye ndiye mkali wa kwanza ikivunjwa. Mtu hawezi kukipinga kitu alichokiandikisha mwenyewe.

Kusimama mlangoni

Sakichi Toyoda, ambaye mwanawe ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufumia nguo. Mtambo wao wa mwaka 1924 ulikuwa na sifa moja iliyowaacha wengine nyuma: uzi ukikatika, unajisimamisha wenyewe. Hauendelei kufuma nguo mbovu. Toyota waliichukua fikra hiyo hadi kwenye magari, mfanyakazi yeyote akapewa kamba ya kuvuta akiona kasoro.

Kamba ya maabara ya meno iko mlangoni, pale kipimo kinapopokelewa. Na kuivuta ni kugumu, maana upande wa pili wa simu kuna daktari, na fundi amelelewa kuamini kwamba daktari hakosei. Kwa hiyo fundi anaona kiputo kwenye jino la kushikia waya, anatikisa kichwa, anakijaza kwa nta na kuendelea. Saa 4 za mikono zinamwagwa juu ya kipimo ambacho kila mtu mwenye macho anajua kimekufa.

Tulijizoeza kusema. Mazungumzo ya mwanzo yalikuwa hivi, na nayaandika kwa sababu naona wenzangu wengi wanakwama hapa, kwenye maneno yenyewe:

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba. Habari za hapo?"

"Nzuri, daktari. Samahani kwa usumbufu. Nimekishika kipimo cha yule mama wa asubuhi. Kuna kiputo kwenye jino la kushikia waya, upande wa kulia. Nikiendelea waya hautakaa, atarudi kwako analalamika. Kama bado yupo, naomba umchukue tena."

"Ameshatoka. Alisema anawahi gari la Kyela."

"Basi naomba umpigie, daktari. Kesho akija, kipimo chake nitakipokea mimi mwenyewe na kitapita mbele ya vyote."

Ile ahadi ya mwisho ina kazi yake. Mgonjwa anapoteza safari moja badala ya tatu, na daktari anaona kwamba aliyemkatalia kipimo amebeba sehemu ya mzigo. Kliniki tunazofanya nazo kazi sasa zina kadi ndogo inayoambatana na kila kazi: jina, rangi ya meno, mchoro wa sahani na waya, tarehe ambayo mgonjwa atarudi, na kama kipimo kimesafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kikikosekana kimojawapo, kazi haiingii rafuni; inakaa kwenye trei nyekundu na simu inapigwa siku hiyohiyo.

Sasa rudi kwa bibi yetu. Ohno alikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini, na akijibiwa anauliza tena, hadi mara tano. Meno yanacheza, kwa nini? Modeli haifanani na mdomo. Kwa nini? Kipimo kilisinyaa kabla ya plasta. Kwa nini? Kilikaa saa 25. Kwa nini? Kliniki ilisubiri vifike vitatu ilipe kifurushi kimoja, na basi likafika tumefunga. Kwa nini plasta isubiri basi? Hapo tukanyamaza. Hatukuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote: kliniki inachukua kipimo, maabara inamimina plasta.

Dawa ilikuwa kiroba cha plasta, bakuli la mpira na nusu siku ya mafunzo. Tulimpelekea muuguzi wa kliniki ile, tukamwonyesha kupima maji na unga, kugongagonga trei ili hewa itoke, na kuiacha igande kabla ya kutenganisha. Kinachopanda basi sasa ni modeli ngumu, na modeli ikikaa stendi usiku mmoja haidhuriki, hata zisubiriane tatu. Tulikuwa tumepanga kubishana na daktari juu ya gharama ya vifurushi. Haikuhitajika.

Akiba na Kitonga

Jambo moja la Wajapani nisingelichukua lilivyo. Wao husifiwa kwa kutokuwa na akiba: kifaa kinafika kiwandani saa kinapohitajika. Kumbuka kwamba viwanda vingi vinavyowauzia viko jirani. Sisi meno, akriliki na alijineti hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na lori moja likilala kwenye mlima wa Kitonga, njiani, foleni inafika chini. Maabara ya Mbeya isiyo na akiba itafunga milango kwa sababu ya kopo la monoma.

Kinachofaa ni akiba yenye akili. Kabati letu lilipofunguliwa kwa ajili ya kusasambua, tulikuta kadi nyingi za meno meupe mno, rangi A1, zilizonunuliwa kwa sababu zilikuwa na punguzo, na kadi nyingine zilizong'olewa jino moja katika sita na kuachwa. A3, rangi iliyokoza zaidi inayotakiwa na wazee wetu wengi, ilikuwa imekwisha. Sasa kila kitu muhimu kina visanduku viwili. Cha mbele kikiisha, kadi yake inatundikwa kwenye msumari, mtu anaagiza Dar siku hiyo, na tunatumia cha nyuma. Ukubwa wa kisanduku cha nyuma unakadiriwa kwa siku ambazo mzigo huchukua kufika, ukiongeza kidogo kwa ajili ya masika. Hakuna hesabu nyingine.

Siku za kupokea kazi nazo tulizigawa. Zamani karibu kliniki zote zilituma Ijumaa, zikiamini tutafanya mwishoni mwa wiki. Sasa Tukuyu na Kyela wana Jumatatu, Mbozi na Tunduma Jumanne, za mjini siku zinazobaki. Bado wakulima wakishauza kahawa au mpunga tunaelemewa, kwa sababu ndipo watu wanapata fedha ya meno waliyoyaahirisha mwaka mzima. Hilo halizuiliki, linajulikana tu mapema, na plasta inanunuliwa mapema.

Mafundi wataogopa. Ukileta saa na daftari, watadhani unatafuta wa kupunguza, na ikitokea kweli ukampunguza mtu baada ya kazi kurahisika, usitegemee kuambiwa tena kasoro yoyote katika maabara hiyo. Tuliahidiana tangu mwanzo, mbele ya wote, kwamba muda utakaopatikana utakwenda kwenye kujifunza kofia za meno ambazo hadi leo tunazituma Dar, na ahadi hiyo tumeishika. Ni taratibu. Tanuri la kuchomea kofia za kaure bado hatuna.

Ukutani tunaandika namba tatu kwa chaki kila Jumamosi: kazi zilizo rafuni, siku ambazo kazi ya mwisho ilikaa, na meno yaliyorudi. Hakuna jina la mtu pembeni ya namba hizo.

Wiki iliyopita boksi la glavu limekuja kutoka Tukuyu na modeli tatu zilizofungwa kwenye gazeti. Kila moja ina kikaratasi chenye mwandiko wa yule muuguzi. Cha kwanza kimeandikwa: kipimo saa 3:10, plasta saa 3:22.